Robert Koch: Mganga wa Wilaya Aliyeifundisha Maabara Kutoa Ushahidi

KIRUMBA, MWANZA – Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, damu juu ya nguo si jambo la kumshangaza mtu. Wachuuzi, wapara samaki na wapakuzi wa mitumbwi hurejea majumbani wakiwa na madoa ambayo hakuna anayeyauliza. Doa la namna hiyo likikutwa kwenye nguo ya mtuhumiwa wa mauaji, hata hivyo, swali la kwanza linalomkabili mpelelezi ni iwapo damu hiyo ni ya kiumbe gani. Hadi mwaka 1901 hapakuwa na mtaalamu aliyeweza kusimama mahakamani na kutofautisha kwa uhakika doa kavu la damu ya binadamu na lile la ng'ombe, mbuzi au kondoo. Mshtakiwa alisema alichinja mbuzi, na mara nyingi kesi ikaishia hapo.

Jibu lilitoka kwa watafiti waliolelewa kitaaluma na daktari wa Kijerumani, Robert Koch, ambaye mwaka 1906 alifika hapa Mwanza akiongoza msafara wa kuchunguza ugonjwa wa malale. Wengi humjua kama mgunduzi wa bakteria wa kifua kikuu. Mchango wake katika sayansi jinai hautajwi sana, ingawa karibu kila kielelezo kinachopimwa leo katika maabara za serikali kinapita katika kanuni alizozijenga yeye na wasaidizi wake.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba, 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, ambako baba yake alikuwa ofisa katika shughuli za migodi. Ilikuwa familia yenye watoto wengi, na inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka mitano tayari alikuwa amejifunza kusoma kwa kutumia magazeti ya nyumbani. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Miongoni mwa walimu wake alikuwa Jakob Henle, ambaye tangu mwaka 1840 alikuwa akishikilia kwamba magonjwa ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai wadogo mno. Henle hakuwa na namna ya kulithibitisha hilo, na wataalamu wengi wa wakati ule hawakukubaliana naye.

Baada ya kutumika katika vita kati ya Wajerumani na Wafaransa, Koch aliajiriwa mwaka 1872 kuwa mganga wa wilaya ya Wöllstein, eneo ambalo sasa liko Poland. Nafasi hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Mganga wa wilaya katika utawala wa Prussia hakuwa tabibu wa wagonjwa peke yake. Alisimamia chanjo na usafi wa mji, na pia alikuwa macho ya mahakama: ndiye aliyeitwa kuchunguza maiti pale kifo kilipotiliwa shaka na kuandika taarifa ambayo hakimu angeitegemea. Kwa miaka minane, basi, Koch aliishi katika kazi ambayo kauli isiyo na uthibitisho ingeweza kumtia mtu hatiani au kumwachia muuaji.

Katika wilaya hiyo mifugo ilikuwa ikifa kwa kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wa mikoa ya kaskazini mwa Tanzania wanaufahamu vizuri. Vijiti vidogo vilikuwa vimekwisha kuonekana katika damu ya wanyama waliokufa, ila hakuna aliyejua kama ndivyo chanzo cha ugonjwa au ni matokeo yake tu. Akiwa na hadubini aliyopewa na mke wake, Emmy, Koch aligeuza sehemu ya makazi yake kuwa maabara. Hakuwa na vifaa vya chuo kikuu. Aliwachanja panya kwa vibanzi vya mti vilivyochovywa katika damu ya mifugo iliyokufa, na alivikuza vimelea hivyo katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akivihamisha kutoka tone hadi tone ili pasibaki chochote cha damu ya awali. Vimelea vya mwisho viliua panya sawasawa na vile vya kwanza. Aligundua vilevile kwamba vimelea hivyo, hali ikiwa mbaya, hujigeuza kuwa spora ngumu zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi. Mwaka 1876 alikwenda Breslau, akayarudia majaribio yote mbele ya profesa Ferdinand Cohn na wenzake, kisha yakachapishwa.

Mwaka uliofuata alichapisha picha za bakteria zilizopigwa kwa kamera iliyounganishwa na hadubini. Kabla ya hapo kila mtafiti alichora kwa mkono alichokiona, au alichotamani kukiona. Koch alitaka mtu asiyekuwapo maabara aweze kukagua ushahidi kwa macho yake mwenyewe, na sharti hilo ndilo ambalo mahakama huliweka hadi leo kwa picha za eneo la tukio.

Mwaka 1880 alihamishiwa Ofisi ya Afya ya Dola mjini Berlin, ambako alipewa wasaidizi wawili madaktari wa jeshi, Friedrich Loeffler na Georg Gaffky. Tatizo lililowakabili lilikuwa la uchafuzi: tone moja la sampuli lilikuwa na viumbe wa kila aina, na haikuwezekana kusema ni yupi anayehusika. Koch aliona kwamba juu ya kipande cha kiazi kilichopikwa kila kiumbe huota mahali pake na kuzaa kundi lake. Akatumia jelatini, lakini jelatini huyeyuka kwenye joto. Ufumbuzi ulitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa mtafiti aliyefanya kazi katika maabara hiyo, alikuwa akitumia aga, itokanayo na mwani wa baharini, kugandishia vyakula, naye akapendekeza ijaribiwe. Mwaka 1887 msaidizi mwingine, Julius Petri, akaeleza sahani yenye kifuniko ambayo bado ina jina lake. Ni aibu kidogo kwa historia ya sayansi kwamba jina la Petri linajulikana kila maabara na la Fanny Hesse halitajwi.

Tarehe 24 Machi, 1882 Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Mwaka 1883 na 1884 alikwenda Misri na India kutafuta chanzo cha kipindupindu. Katika miaka hiyohiyo yeye na Loeffler waliandika masharti ambayo mtafiti anapaswa kuyatimiza kabla ya kukitaja kiumbe fulani kuwa ndicho kisababishi: kipatikane kwa wagonjwa, kitenganishwe na kukuzwa peke yake, na kikiingizwa katika mnyama mwenye afya kilete ugonjwa uleule. Ni masharti yanayofanana sana na ya mwendesha mashtaka. Kumkuta mtu kwenye eneo la tukio hakutoshi; sharti ionekane kwamba ni yeye, na si mwingine, aliyelitenda kosa.

Kutoka katika kundi hilo ndiko kipimo cha damu kilikozaliwa. Paul Uhlenhuth alifanya kazi katika taasisi ya Koch mjini Berlin, kisha akamfuata Loeffler katika mji wa Greifswald. Mwaka 1901 alionyesha kwamba sungura akidungwa damu ya binadamu, mwili wake hutengeneza kinga mahususi. Majimaji ya damu ya sungura huyo yakichanganywa na doa la damu ya binadamu lililoloweshwa, mchanganyiko hufanya ukungu na kuacha mashapo. Damu ya ng'ombe au kondoo haifanyi hivyo. Doa kavu lililokaa muda mrefu nalo lilijibu.

Mwaka huohuo watoto wawili wa kiume waliuawa kikatili katika kisiwa cha Rügen. Seremala mmoja msafiri, Ludwig Tessnow, alikamatwa akiwa na nguo zenye madoa, akadai ni rangi ya mbao na damu ya mifugo. Miaka mitatu kabla yake, wasichana wawili walipouawa karibu na Osnabrück, alikuwa ametoa maelezo ya rangi ya mbao na kuachiwa. Safari hii nguo zilipelekwa kwa Uhlenhuth. Alikuta madoa ya damu ya kondoo, ambayo yalimhusisha mtuhumiwa na tukio jingine la kondoo waliokatwakatwa malishoni, na akakuta pia damu ya binadamu katika sehemu nyingi. Tessnow alipatikana na hatia.

Hakuna anayeweza kusema kwamba Koch alivumbua uchunguzi wa vinasaba, yaani DNA. Ugunduzi huo ulifanywa na Alec Jeffreys huko Leicester, Uingereza, mwaka 1984, na katika kesi ya kwanza kubwa ya mauaji iliyoutumia, ulianza kwa kumwondolea lawama kijana aliyekuwa amekiri kosa ambalo hakulitenda. Mhusika halisi alihukumiwa mwaka 1988. Hata hivyo teknolojia inayoliwezesha tone dogo la mate au damu kutoa vinasaba vya kutosha inategemea kimeng'enya kisichoharibiwa na joto kali. Chanzo chake ni bakteria aliyetoka katika chemchemi za maji ya moto za Yellowstone, Marekani, akatenganishwa na kukuzwa peke yake kwa utaratibu uleule wa Berlin, na kuelezwa na watafiti mwaka 1969. Bila kujua kumtenga kiumbe mmoja kati ya maelfu, kimeng'enya hicho kisingepatikana.

Na kimeta chenyewe kilirudi katika ulimwengu wa upelelezi. Mwaka 2001 barua zenye spora za kimeta zilitumwa kwa njia ya posta nchini Marekani. Watu 5 walifariki na wengine 17 wakaugua. Wachunguzi walipozikuza spora hizo juu ya sahani za aga, mafundi waliona baadhi ya makundi yana umbo tofauti kidogo na mengine. Tofauti hizo zilisomwa katika vinasaba vya bakteria, zikalinganishwa na sampuli zaidi ya 1,000 kutoka maabara mbalimbali, na mkondo ukaelekea kwenye chupa moja katika kituo cha utafiti cha jeshi. Hapo ndipo tawi jipya la sayansi jinai linalosoma vinasaba vya vijidudu lilipopata nguvu. Lakini mwaka 2011 jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani lilitamka kwamba ushahidi wa kisayansi peke yake hautoshi kuthibitisha bila shaka chanzo cha spora zile. Teknolojia ilikuwa mpya kabisa. Swali lililoulizwa lilikuwa la Wöllstein.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba Koch mwenyewe hakuwahi kuzivunja kanuni zake. Alizivunja, na ilikuwa mara zaidi ya moja.

Mwaka 1890, katika mkutano mkuu wa madaktari mjini Berlin, alidokeza kwamba amepata kitu kinachozuia ukuaji wa kifua kikuu. Miezi michache baadaye wagonjwa walimiminika Berlin kutoka pande zote kudungwa dawa hiyo, tuberkulini, ambayo muundo wake aliuficha. Wapo waliozidiwa na wapo waliofariki, na Rudolf Virchow alipochunguza maiti aliona dalili kwamba ugonjwa ulikuwa umeenea zaidi. Dawa haikuponya. Tuberkulini ilikuja kuwa na manufaa kwa kazi nyingine, yaani kumpima mtu kama amewahi kuambukizwa, lakini heshima ya Koch ilitikisika. Mwaka 1891 alipewa taasisi yake ya magonjwa ya kuambukiza. Mwaka 1893 akaachana na Emmy na kumwoa Hedwig Freiberg, kijana kuliko yeye kwa miaka mingi. Baada ya hapo sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa safarini.

Safari hizo zilimleta Afrika Mashariki mara tatu. Kati ya mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo, na sampuli zilizotoka Kiziba, upande wa Bukoba, zilimwezesha kuthibitisha kwamba tauni ilikuwa imejikita magharibi mwa Ziwa Viktoria. Mwaka 1905 alichunguza homa ya papasi katika njia za misafara, akaona kwamba vimelea vyake hupita katika mayai ya papasi hadi kwa vizazi vinavyofuata. Mwishoni mwa mwaka huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inalihesabu chimbuko lake kuwa maabara iliyoanzishwa mwaka 1895 wakati wa utawala wa Kijerumani kwa ajili ya utafiti wa magonjwa ya ukanda wa joto, na Koch hutajwa miongoni mwa wanasayansi waliofanya kazi humo. Ieleweke tu kwamba bakteria wa kifua kikuu hakugunduliwa Dar es Salaam, kama inavyosimuliwa wakati mwingine. Alikuwa amekwisha kugunduliwa Berlin miaka 13 kabla ya maabara hiyo kuwapo.

Safari ya tatu ndiyo iliyomfikisha Mwanza, mwezi Julai, 1906. Malale ilikuwa imeua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 kaskazini mwa ziwa. Katika upande wa Mwanza aliwakuta wagonjwa wachache mno kwa utafiti wake, akavuka na kuweka kambi katika visiwa vya Sese, Uganda, kwa ruhusa ya Waingereza. Huko vijiji vizima vilikuwa vimebaki mahame. Wagonjwa walibebwa hadi kambini kwa mitumbwi na machela, na baadhi ya siku idadi yao ilikaribia 1,000.

Koch aliwadunga atoxyl, dawa yenye aseniki. Mwanzoni wengi walipata nafuu: vimelea vilitoweka katika damu na watu waliokuwa wamelala wakaanza kutembea. Kisha ugonjwa ukarudi. Badala ya kusimama, aliongeza kipimo cha dawa. Wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka, na upofu huo haukupona. Alirejea Ujerumani mwishoni mwa mwaka 1907 akipendekeza wagonjwa watengwe katika kambi na vichaka vinavyohifadhi mbung'o vifyekwe. Majina ya waliopofuka hayamo katika historia inayosomwa na wengi. Walikuwa raia wa makoloni, na ridhaa yao haikuhesabiwa kuwa sehemu ya utafiti.

Kwa sababu hiyo inafaa kulitazama suala la sampuli kama lilivyo sasa. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2009 inayosimamia matumizi ya vinasaba vya binadamu imeweka utaratibu wa nani anaruhusiwa kuchukua sampuli, kwa madhumuni gani na itunzwe vipi, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Kielelezo cha jinai kinafungwa kwa lakiri, kinaandikwa kila kinapobadilisha mikono, na mchambuzi anaweza kuitwa mahakamani aulizwe alichokifanya hatua kwa hatua. Mwananchi anayeona shauri lake linachelewa kwa sababu lakiri ilikutwa imevunjika ana haki ya kukasirika. Mtu aliyeko mahabusu kwa kosa ambalo hakulitenda ana sababu ya kushukuru kwamba lakiri iliangaliwa.

Kazi ya ziwani haikuisha Koch alipoondoka. Mwanafunzi wake Friedrich Karl Kleine alirudi katika ufuko wa upande wa Kijerumani, na mwaka 1909 alithibitisha kwamba vimelea vya malale havibebwi tu mdomoni mwa mbung'o, bali hukua ndani ya mwili wake kwa siku kadhaa kabla ya mdudu huyo kuweza kuambukiza. Alilithibitisha kwa kurudia jaribio, siku baada ya siku, hadi pasiwe na maelezo mengine.

Robert Koch alifariki tarehe 27 Mei, 1910 mjini Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Mwili wake ulichomwa, na majivu yamehifadhiwa Berlin katika taasisi inayobeba jina lake. Mwanafunzi wake Mjapani, Kitasato Shibasaburo, alikuwa amehifadhi nywele za mwalimu wake, akazijengea hekalu dogo mjini Tokyo. Kitasato alipofariki mwaka 1931, wanafunzi wake walimuunganisha naye humo.